Udongo mweusi, magadi na chanzo cha uhai

Anayesema uhai ulianzia kwenye udongo aulizwe kwanza: udongo upi, na umeandaliwaje? Ule mwekundu wa migombani haufai sana, umejaa kaolini, ule udongo wa kauri, na kutu ya chuma. Unaotajwa maabara ni montmoriloniti, aina ya madini ya udongo, na kwetu utautafuta kwenye udongo mweusi wa mbugani, ule unaopasuka kiangazi na kunasa magari masika.

Ndani yake ni vibapa vyembamba, unene kama nanomita 1 (milimita moja igawe mara milioni): silika juu na chini, alumini katikati. Hapa na pale magnesi imekaa nafasi ya alumini, ndiyo maana kibapa kina chaji hasi na hushika ayoni za chumvi zenye chaji chanya, kama sodiamu na kalsiamu, katikati ya matabaka. Gramu moja ikifunguka yote ina eneo la mita za mraba kama 700. Molekuli ambazo baharini zingepotezana, hapo zinabanana.

Mwaka 1996 kundi la James Ferris, Marekani, lilirefusha minyororo ya RNA, molekuli ya urithi iliyo jamaa ya DNA, juu ya udongo huu hadi ikapita nukleotidi (pingili za mnyororo) 50, kwa kuilisha nukleotidi mpya siku hadi siku. Ila udongo ulikuwa umeshageuzwa kuwa wa sodiamu, yaani ayoni zake zimebadilishwa kwa sodiamu, na nukleotidi zimefungwa imidazoli, kemikali ya kuzichangamsha, ili ziungane upesi. Hiyo imidazoli ndiyo inayonitia shaka, si udongo.

Kuugeuza udongo kuwa wa sodiamu kwa namna ya kienyeji inawezekana. Twanga gramu 50, chekecha, loweka usiku kucha na gramu 1 au 2 za magadi kwenye maji kidogo ya mvua, kisha jaza yafike lita 1 kwenye chupa ndefu. Koroga, acha utulie kwa muda wa saa 8, nyonya kwa mpira sentimita 10 za juu tu. Chembe kubwa kuliko mikroni 2 (elfu mbili za milimita) zitakuwa zimeshapita hapo.

Maji yakiwa meupe juu na mabonge chini baada ya dakika chache, udongo umegandana. Mara nyingi ni kalsiamu ya maji ya bomba, au mkono mzito wa magadi: chumvi ikizidi, vibapa hushikana tena. Mwaga, anza na maji ya mvua.

Kupima, dondosha methilini bluu, rangi ya maabara, kwenye glasi ya tope hilo na glasi ya maji matupu. Rangi ina chaji chanya, hivyo vibapa huishika. Kwenye tope itazama pamoja na udongo, juu pabaki peupe. Kwenye maji matupu itabaki bluu hadi kesho.