Siku yangu moja kama dereva wa Waamish, Lancaster

Watu wa nyumbani wakisikia niko Lancaster, Pennsylvania, Marekani, na abiria wangu ni Waamish, Wakristo wanaoishi kwa utaratibu wa zamani, wanauliza, hao si ndo wale wanaoogopa umeme na magari? Basi ngoja niwape Jumatano yangu ya leo.

Saa kumi na moja alfajiri, giza totoro, nawachukua mafundi seremala nawapeleka kazini Maryland. Ndevu ndefu ila masharubu hakuna, na ndevu zenyewe ujue mtu ameshaoa. Stori zao zote ni Kijerumani chao cha Pennsylvania. Gari kupanda ruksa, kumiliki ndo mwiko, maana kila mtu akiwa na lake vijana watatawanyika, majirani watakuwa hawajuani tena. Sio woga kabisa. Kila kitu kipya wanajiuliza kwanza, hiki kitaifanya nini familia na kanisa letu?

Saa tatu nampeleka mama mmoja hospitali. Wengi wao hawana bima, na toka 1965 sheria inawaruhusu wanaojiajiri kutoingia kwenye mfuko wa serikali wa hifadhi ya jamii, kwa sababu wanaamini kutunzana ni kazi yao wenyewe. Bili ikiwa kubwa kanisa linachanga, kama sisi kwenye msiba, ila kwao ndo utaratibu wa kila siku.

Saa saba niko karakana ya meza na makabati. Hapa napapenda sana. Waya wa umeme hauingii, ila mashine zinaunguruma balaa! Nje kuna injini ya dizeli inakandamiza hewa, hewa inapita kwenye bomba hadi ndani, inazungusha msasa, kijana anaweka mbao ya mwaloni na vumbi linaruka hadi kwenye kofia yake. Simu ipo pia, ila iko kwenye kibanda nje barabarani, isije ikaingia mezani watu wakila.

Saa tisa narudi Maryland kuwafuata mafundi, njiani watoto wametoka shule wako kwenye skuta za kusukuma kwa mguu. Hapa Lancaster baiskeli hawatumii, inampeleka mtu mbali na nyumbani haraka mno. Wanasoma hadi darasa la nane tu, na mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani iliwapa haki hiyo. Mimi hapo sikubaliani nao, mtoto mwenye kichwa ningependa aendelee, lakini kazi za mikono wanazijua kuliko wengi wenye vyeti.

Barabara hii inapita kijiji cha Nickel Mines. Oktoba 2006 mtu aliingia kwenye shule yao akaua wasichana watano. Siku ileile wazee wa Kiamish walienda kuwapa pole familia ya muuaji, na kwenye mazishi yake wakahudhuria. Nina watoto wa kike, kila nikipita hapa najiuliza ningeweza? Kwa kweli sidhani, na nawaheshimu sana kwa hilo.

Saa kumi na mbili nimeshawashusha wote. Nafungua simu, meseji za sauti kibao kutoka kwenye vile vibanda. Harusi zao nyingi ni Jumanne na Alhamisi baada ya mavuno, kwa hiyo kesho gari limejaa wageni kuanzia alfajiri, wengine wazee wanaotoka mbali, mikokoteni yao ya farasi haiwezi kuwafikisha.