Dakika arobaini za Tanga

Jana jioni binti wa jirani aliniletea beseni la unga wa maandazi. "Baba mdogo, hebu uangalie, umeharibika?" Ulikandwa mchana, mama yake akaitwa msibani, ukasahaulika. Nilipofunua kitambaa, harufu ikanipiga usoni: chachu kali, kama togwa iliyolala siku mbili. Kabla sijamjibu mtoto nilikuwa nimeshafika Gungu, Kigoma, Januari 2014, kwenye ile bekari yetu ya kuni.

Mimi nilikuwa mkandaji, na mchomaji wetu, mwenye kazi ya moto wa tanuri, alikuwa mzee wa Tanga. Sijawahi kuona mtu anayejua moto kama yeye. Kuni za kesho alizipanga juu ya mgongo wa tanuri leo, zikauke kwa joto linalobaki, kwa hiyo hata masika moshi wake ulikuwa mwembamba. Akishafagia makaa na kupitisha tambara bichi, alinyunyiza unga kidogo kwenye sakafu ya tanuri na kuhesabu kimoyomoyo. Ukigeuka mweusi kabla ya kumi, moto mkali, subiri. Ukifika rangi ya kahawia kwenye ishirini, ingiza. Ukibaki mweupe, rudisha kuni na usimlaumu mkandaji.

Ila alichelewa. Kila siku.

Sasa mkate wa kuni haukupi nafasi. Saa tisa na nusu usiku tulikanda: unga kilo 25, maji lita 14, sukari kilo moja na nusu, chumvi gramu 400, mafuta nusu lita, hamira ya chenga gramu 250. Hapo unapata mikate 90 ya donge la gramu 450, linalobaki kama 400 likiiva. Donge linaumuka saa moja na nusu, tunalikata na kuviringisha kwa nusu saa, kisha kwenye tini linaumuka tena saa moja na dakika chache. Tanuri nalo linataka saa moja na nusu ya moto na dakika 20 za kufungwa mlango ili joto litulie kwenye matofali. Piga hesabu: moto usipowashwa saa kumi na moja kasoro robo, donge litafika kabla ya tanuri. Tanuri likitangulia hakuna neno, utalisubirisha. Donge halisubirishwi.

Mwanzoni nilimwashia mwenyewe. Hilo ndilo kosa la kwanza la watu wote wenye mwenzao mchelewaji, na lina adhabu mbili. Nikiwa kwenye kuni, donge langu mezani linakauka juu na kuota ngozi, na ngozi ile haiyeyuki tena, inabaki michirizi ndani ya mkate. Halafu mchelewaji haoni hasara yoyote, kwa hiyo hana cha kurekebisha. Tajiri naye akasema tumkate mshahara, elfu mbili kila siku. Nikamwambia sheria ya ajira ya mwaka 2004 haimpi mwajiri ruhusa ya kukata mshahara kwa hasira tu, na tukifungua ukurasa huo tutakuta pia nyongeza ya asilimia 5 kwa saa za kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Akanyamaza. Ndipo nikaanza kuandika daftari: tarehe, saa aliyoingia, mikate iliyoharibika. Novemba, dakika 38, 41, 40. Desemba, 50. Januari, saa nzima na chenga. Nikaona dharau inayokua kidogo kidogo, wiki hadi wiki.

Asubuhi ninayoisema, niliamua siwashi.

Saa kumi na moja kasoro robo ikapita. Kijana msaidizi akaniangalia, nikaendelea kukata madonge. Saa kumi na moja na nusu tini zote zilikuwa zimejaa, zimefunikwa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, ndani kuna unyevu na joto, hali ambayo hamira inaipenda kuliko sisi. Adhana ikaadhiniwa. Dakika chache baadaye mlango ukafunguliwa.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Moto vipi?"

Hapo ndipo penye ugumu wake. Huwezi kumfokea mtu uliyempa shikamoo sekunde tano zilizopita. Nikasema tu, "Moto unakusubiri, mzee."

Akapiga magoti mdomoni mwa tanuri, akapanga kuni zake bila haraka. Nikakaa kwenye gunia kuangalia madonge. Saa moja kasoro dakika ishirini yalikuwa tayari kabisa: ukibonyeza kwa kidole, tundu linarudi taratibu. Lingerudi upesi, bado. Saa moja kamili nikabonyeza tena, tundu halikurudi. Robo saa baadaye yalikuwa yamevimba kupita ukingo wa tini, yamemeta kama tumbo la chura, na yana vijipovu juu. Mzee akaja, akabonyeza moja. Likashusha pumzi. Nasema kweli, lilitoa sauti, fyuuu, likazama katikati, na ile harufu ikapanda. La jirani yake likafuata, halijaguswa na mtu. Hamira ikishamaliza sukari haina la kufanya, na ule mvutano unaoshikilia hewa ndani ya unga unachoka, unakatika kama chandarua kikuukuu. Ukiuoka hivyo utapata mkate bapa, mweupe juu kwa sababu hakuna sukari iliyobaki ya kuupa rangi, na mchachu.

Mzee alisimama pale na kidole chake kimejaa unga. Nikafungua daftari, nikamsomea. Kila siku, kila dakika. Sauti yangu ilikuwa ya heshima, jambo ambalo nadhani liliongeza ubaya.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, polepole, "Mimi naamka na adhana, mwanangu. Tanga miaka 20 nimeamka na adhana, sijachelewa hata siku moja."

Simu yake, kitochi, ilikuwa inalala kwenye kibanda cha kuchajia, maana chumbani kwake hakuna umeme. Nikataka kucheka, nikashindwa, kwa sababu hesabu ilikuja kichwani yenyewe. Nchi nzima tunatumia saa moja, lakini jua halitumii saa yetu. Kutoka Tanga hadi Kigoma ni karibu nyuzi tisa na nusu za longitudo, kila nyuzi dakika nne. Alfajiri ya Kigoma iko dakika 38 hivi nyuma ya alfajiri ya Tanga. Na kuanzia Novemba hadi Februari alfajiri yenyewe inazidi kuchelewa kama nusu saa. Dharau niliyoiona ikikua kwenye daftari ilikuwa jua.

Au sehemu yake ilikuwa jua. Sijui niseme vipi. Mtu mwenye miezi mitatu Kigoma ameshaona kwamba adhana inamkuta kazi imeanza.

Madonge tuliyaokoa. Yatoe kwenye tini, yapige hewa yote itoke, ongeza kilo moja ya unga mpya na robo ya sukari, kanda, viringisha upya, na safari hii usiyaache yaumuke zaidi ya dakika 40, maana hayana nguvu ya kuumuka mara ya tatu kwa kirefu. Lisilookoka, weka robo yake kwenye donge la kesho, linaongeza ladha. Mikate ilitoka karibu saa tatu, migumu kidogo. Kibirizi, ufukweni tulikopeleka kuuza, wavuvi walishashusha dagaa, akina mama walishaanika mchangani na kunywa chai yao na muhogo. Tulirudi na mikate 60.

Nilimnunulia saa ya mezani ya kengele. Siku tisa aliwahi. Ya kumi, dakika 20. Mimi nikapunguza hamira hadi gramu 150 na kukandia maji ya mtungi, yaliyolala nje. Donge likawa mvumilivu, linaweza kungoja nusu saa bila kuzira. Kazi ikaenda. Lakini tajiri alikuwa ameshasikia habari ya daftari, akaliomba, akapiga picha kurasa zote.

Mwezi Machi mzee akapewa barua ya kuitwa kwenye kikao cha nidhamu. Utaratibu unataka apewe muda usiopungua saa 48 wa kujiandaa, na aruhusiwe kuja na mfanyakazi mwenzake wa kumsaidia kujitetea.

Akanichagua mimi.