Siku moja na mvule ulioanguka Kaya Kinondo

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nimeshatoka msikitini na ninauzunguka msitu. Ndivyo ninavyoanza siku kabla hata ya chai. Kaya Kinondo, msitu wetu mtakatifu wa pwani ya kusini ya Kenya, ni ndogo, kama hekta 30 hivi, na upande wa bahari nasikia mawimbi ya ufuo wa Galu. Nje ya mpaka kuna minazi, hoteli na nyumba za kupangisha. Ndani kuna miti mikubwa iliyoota juu ya mawe ya matumbawe, mizizi imeyakumbatia mawe hayo kwa kuwa udongo wenyewe haba. Leo sijaona alama ya panga. Alhamdulillahi.

Saa moja, chai na mihogo ya kuchemsha, basi.

Saa tatu wamefika wageni sita, wanafunzi wa chuo kikuu kutoka Nairobi. Kila mmoja namfunga kaniki nyeusi kiunoni, maana bila hiyo hakuna kuingia. Kisha nawaeleza miiko: usipige kelele, usivunje tawi, usitoke na kitu. Tulipofika kwenye mti wa mbambakofi, binti mmoja akainama akaona mbegu, nyeusi ti na kikofia chekundu.

"Kaka, hii imeanguka yenyewe. Naweza kuichukua?"

"Hapana, dadangu. Hata hiyo ina kazi hapa."

Akairudisha taratibu, mahali pale pale. Nilimpenda kwa hilo.

Nikawasimulia wazee wetu walivyoshuka kutoka Singwaya, huko kaskazini, na jinsi Wamijikenda, yaani sisi makabila tisa ya pwani, tangu karne ya 16 walivyojenga vijiji vyenye maboma ndani ya misitu ili kujikinga na maadui; vijiji hivyo ndivyo kaya. Kufikia miaka ya 1940 watu walikuwa wameshahama kaya hizo, lakini makaburi yalibaki, na maombi yalibaki. Kwa hiyo msitu haukukatwa. UNESCO iliziingiza baadhi ya kaya zetu katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Nashukuru sana, ila wakati huo wazee walikuwa wameshalinda kwa mamia ya miaka.

Saa sita, wageni wameondoka, nimerudi peke yangu kwenye mvule. Uliangushwa na upepo wakati wa masika, ukalala kukata njia. Wiki ile ile alikuja mtu wa mbao na fedha taslimu. Hoja yake ilikuwa fupi: mti umekufa, mnauachia mchwa wa nini? Sitaficha, mimi mwenyewe nilitikisika, kwa sababu fedha ile ingelipa karo za watoto wengi kijijini. Mzee wa kaya alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu, "Mwanangu, wa kwetu akianguka hatumuuzi." Tukahamisha njia.

Sasa njooni muone. Pale kwenye kilele chake pamefunguka tundu, jua linafika chini. Miche iliyokuwa imedumaa kivulini kwa miaka imeanza kurefuka. Gogo limeota uyoga ubavuni na limeshika unyevu hata siku hizi za kiangazi. Miche ya mvule pia ipo; popo ndio wanaokula matunda yake na kutawanya mbegu usiku. Juu, kwenye mti mkongwe uliobaki, kuna pango la ndege hondohondo. Jike hujifungia humo, mlango ukazibwa kwa udongo mpaka ubaki ufa, na dume humlisha kupitia ufa huo. Pango kama hilo halipatikani kwenye mti mchanga. Ndiyo maana nachoka nikisikia kwamba ukikata mti mmoja ukapanda kumi umelipa deni.

Nimekaa pale saa nzima nahesabu miche, nikifunga uzi kwenye ile iliyozidi goti.

Saa tisa unusu nimemkuta shemeji yangu ukingoni mwa msitu, kichwani mzigo wa kuni. Tukaamkiana, kisha tukanyamaza wote wawili.

"Shemeji, ni matawi makavu tu," akasema. "Gesi imeniishia tangu juzi."

Hakuna sehemu ya kazi hii inayoniuma kama hii. Nilimbebea mzigo mwenyewe, tukaurudisha ndani, kisha nikampeleka kwenye shamba letu la mivinje, nikampogolea matawi mpaka yakatosha. Hakunilaumu. Lakini najua mivinje ile haitoshi nyumba zote, na lazima tupande mingine kabla ya mvua. Nitalisema kwenye kikao cha wazee.

Saa kumi na mbili mbega wamepanda kulala. Nimefua kaniki, nimezianika kwenye kamba. Kesho saa tatu inakuja shule ya msingi, watoto arobaini, na kaniki ninazo ishirini na tano. Nimemtuma mwanangu kwa shangazi yake akaazime zilizobaki.