Pasi yangu imepona, na sikununua nyingine

Mafundi wa mtaani kwetu Tandika wana dawa moja tu: nunua nyingine. Wa kwanza hata hakuifungua pasi yangu, iliyokuwa haipati moto. Aliitikisa sikioni, akasema koili, ule waya unaotoa joto, imeungua. Koili ilikuwa nzima, nilishaipima kwa mita.

Jirani ndiye aliyetia fora. Yeye alisema themostati, kile kifaa kinachokata umeme joto likitosha, ni urembo tu, iruke, unganisha waya moja kwa moja, ikizidi moto chomoa. Akaifanya kazi mwenyewe kwa mbwembwe. Pasi ikawaka kweli, tena bila kukoma, hadi sketi ya sare ya mteja ikayeyukia kwenye pasi. Nikanunua sketi mpya. Jirani akasema polyesta za siku hizi ni feki!

Mpwa wangu anayesomea umeme akaniambia, "Mamdogo, angalia bimetali." Nikashuka mtaa wa Gerezani, Dar, kuitafuta madukani. Muuzaji akaniletea nini? Blade ya msumeno wa chuma! Nikataka kumcheka, lakini kweli imeandikwa bimetali: meno ni ya chuma kigumu, mgongo ni wa chuma chenye kunesa, ili isikatike ovyo. Hata sarafu ya shilingi kumi ya Kenya, yenye pete ya metali moja na katikati ya nyingine, ni bimetali. Ya pasi ni nyingine. Ni kibati chembamba cha metali mbili zilizogandishwa pamoja. Kikipata joto, moja hutanuka kuliko mwenzake, na kwa kuwa haziachani, kibati kinapinda kuelekea upande wa ile inayotanuka kidogo. Kikipinda, vinundu viwili vya kupitisha umeme vinaachana. Kikipoa vinakutana tena, ndiyo ile "tik" unayoisikia. John Harrison wa Uingereza aliitia kwenye saa yake ya baharini karne ya 18, leo jirani yangu anaiita urembo.

Sasa sikia nilivyoipima. Themostati nimeitoa, ipo mezani, pasi haijachomekwa popote. Kiberiti cha gesi chini yake, moto usiguse (mshumaa nao unaacha masizi). Kibati kikajikunja taratibu, nikatoa moto, kikarudi: tik! Bimetali nzima kabisa. Lakini mita, ambayo hulia umeme ukipata njia, kimya, hata vinundu vikiwa vimegusana. Nikamulika kwa tochi ya simu: vyeusi kama makaa. Unyevu wa Dar na cheche za miaka. Nikapenyeza kipande cha msasa laini katikati, nikavuta polepole, nikageuza upande wa pili, nikavuta tena. Mita ikalia piii. Nikapasha, ikanyamaza. Ikapoa, piii. Nilirudia mara kadhaa kwa raha tu, mpwa wangu akaniomba niache gesi yake.

Msasa ulikuwa jero, nauli ndiyo iliyoniuma zaidi. Usikikunje kibati kwa koleo ukidhani unakinyoosha, utavuruga vipimo vyote vya joto. Na vinundu vikiwa vimeyeyuka na kushikana, msasa haufui dafu, nunua themostati nzima. Gerezani zipo, ila sema ya pasi, usitaje bimetali.