Safari ya kuzamia visiwani: ninavyoipanga kwa kuhesabu kinyumenyume

Kitu cha kwanza ninachoandika kwenye daftari la safari ni saa ya ndege ya kurudi. Kisiwa, mwamba na hoteli vinafuata baadaye. Sababu ni naitrojeni. Tunayoivuta tukiwa chini huyeyuka mwilini na hutoka polepole kwa saa nyingi. Ndege ikiwa angani, presha ndani yake huwa kama ya mlima wa mita 2,000 hivi, na naitrojeni iliyobaki inaweza kufanya mapovu kwenye viungo au uti wa mgongo. Mwongozo unaofuatwa sana unataka angalau saa 12 baada ya mbizi moja, na angalau saa 18 baada ya mbizi nyingi au za siku kadhaa mfululizo. Mimi huhesabu 24, maana saa sita za ziada hazinigharimu kitu kama nimezipanga mapema.

Tuseme ndege inaondoka Jumapili saa nne asubuhi. Nikirudi nyuma saa 24 nafika Jumamosi saa nne asubuhi, na wakati huo boti nyingi ndiyo kwanza zinafika kwenye mwamba. Basi Jumamosi naifuta yote, na mbizi ya mwisho inakuwa Ijumaa mchana. Siku ya kufika nayo naifuta, kwa sababu mtu aliyetoka kwenye safari ndefu huwa hajalala na ana upungufu wa maji mwilini. Katika usiku saba zinabaki siku tano, yaani mbizi kumi kwa mbili kila siku. Anayenunua kifurushi cha mbizi 15 amejifunga kuzama mara tatu kila siku bila nafasi ya mawimbi makubwa wala sikio linalouma. Nalipia nane, nyingine nalipia hukohuko.

Siku hiyo iliyofutwa si ya kupanda mlima. Pale Maui, Hawaii, kilele cha Haleakalā kina urefu wa zaidi ya mita 3,000 na gari linafika juu, kwa hiyo aliyezama asubuhi akapanda mchana amejiweka kwenye hatari ileile ya ndege. Helikopta za kutalii pia zimo.

Upande wa kwenda una mtego wake. Ndege za baharini za Maldivi haziruki usiku. Ukitua alasiri sana unalala karibu na uwanja, na siku moja ya mbizi imekwenda.

Baada ya kuhesabu siku, naangalia pepo za msimu. Karibi ina msimu wa vimbunga kuanzia Juni hadi Novemba. Tubbataha, Ufilipino, hufikiwa kwa meli za kulala baharini tu, na msimu wake ni mfupi, kuanzia Machi hadi Juni, hivyo nafasi huisha mapema sana. Maldivi wakati wa kaskazi maji huwa safi zaidi, na wakati wa kusi hujaa planktoni, chakula cha taa wakubwa aina ya manta. Anayewafuata manta wa ghuba ya Hanifaru kwenye atoli (visiwa vya matumbawe vilivyojipanga kama pete) ya Baa ajue kwamba mitungi ya hewa hairuhusiwi pale, ni kuogelea juu kwa mrija tu. Kanuni kama hii isome kabla ya kulipa. Sipadan, Malesia, ina idadi ya vibali kwa siku, na kibali kinaombwa kupitia kampuni ya uzamiaji, huwezi kujiombea ufukweni.

Halafu mwezi. Hapa ndipo naona wapangaji wengi wa safari wanapita haraka mno. Bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kwa wingi, huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo, huja siku saba hivi baadaye, mwezi ukiwa nusu. Kwenye milango ya atoli, na kwenye mifereji ya Komodo, Indonesia, tofauti ni kubwa: wakati wa bamvua mkondo unaweza kukushinda hata ukipiga mapezi kwa nguvu zote, na mkondo huohuo ndio unaoleta papa. Mwenye mbizi chini ya 50, au anayekwenda kupiga picha za viumbe vidogo, nampangia wiki ya maji mafu. Mzoefu anayetaka papa aende bamvua, na ajue kutumia ndoano ya kujishikiza mwambani na boya la kuionyesha boti alipo. Pia naomba mbizi za mlangoni ziwe wakati maji yanajaa, kwa sababu yanayoingia yametoka bahari kuu na ni safi, ilhali yanayotoka yamebeba mchanga wa ndani ya atoli.

Kampuni naiandikia maswali manne: oksijeni ya huduma ya kwanza iko kwenye boti yenyewe au ofisini? Chumba cha presha cha kumtibu mwenye mapovu mwilini, kinachofanya kazi, kiko wapi, na unafikaje? Kiongozi mmoja anachukua wazamiaji wangapi? Mnaitaje majina baada ya kila mbizi? Anayejibu kwa picha za machweo simpelekei pesa. Bima nayo naisoma mpaka kwenye kina, kwa kuwa nyingi za kawaida za safari huishia mita 30 au hazigusi kabisa matibabu ya chumba cha presha.

Swali la tano ni mtungi. Ule wa alumini unaopatikana karibu kila kisiwa una lita 11 na hujazwa hadi presha ya bar 200, yaani lita 2,200 za hewa. Ukiacha bar 50 za akiba, zinabaki lita 1,650. Anayevuta lita 20 kwa dakika akiwa juu huvuta 60 akiwa mita 20, hivyo ana dakika 27. Mita 30 anavuta 80, na dakika zinashuka hadi 20. Mwenye mapafu makubwa aagize mtungi wa lita 15 wakati wa kulipia, kwani huwa michache. Nitroksi ya asilimia 32, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni hadi kiwango hicho, haiongezi hewa, inaongeza muda kabla naitrojeni haijafikia kikomo, na haitakiwi kupita mita 33.

Afya naishughulikia miezi miwili kabla. Fomu ya uzamiaji ikiwa na jibu moja la "ndiyo" mara nyingi hudai saini ya daktari, na kisiwani daktari anaweza kukosekana. Kwenye eneo la malaria, mwambie daktari kwamba unazamia. Meflokwini haifai, kwa sababu kizunguzungu na kuchanganyikiwa inakoweza kuleta hufanana na dalili za ugonjwa wa mapovu.

Regyuleta, kifaa cha kuvutia hewa kutoka mtungini, ipelekwe kwa fundi wiki sita kabla, wala si wiki ya mwisho. Vipuri vipya hujikaza mbizi mbili tatu za kwanza, na presha ya kati, ile ya ndani ya bomba lake, ikipanda, mdomo unaanza kuvujisha hewa wenyewe. Ijaribu bwawani ukiwa bado na muda wa kuirudisha. Kwenye mkoba wa mkononi naweka regyuleta, kompyuta ya kuzamia, miwani, na betri za lithiamu zilizotolewa kwenye tochi. Kisu kinakwenda kwenye mzigo mkubwa.

Asubuhi ya mbizi ya kwanza sifungi kifaa kwa haraka. Natazama pete ya mpira kwenye valvu: ikiwa na ufa au imetokeza upande mmoja, naibadilisha hapohapo. Nafungua valvu mpaka mwisho, kisha navuta pumzi nne nikiitazama geji. Mshale ukishuka kila nikivuta na kurudi nikiacha, valvu haijafunguka yote. Juu ya boti hewa inatosha, lakini mita 25 haitatosha. Vipande vya risasi, vile vizito vya mkanda vya kunizamisha, navyo napima upya, kwa sababu mtu na vifaa vyake vya kilo 100, akitoka maji yasiyo na chumvi kwenda ya chumvi, huhitaji kilo mbili na nusu zaidi. Kipimo ninachokiamini kinafanywa mwisho wa mbizi, mtungi ukiwa na bar 50, jaketi ya kuelea ikiwa haina hewa, pumzi ya kawaida: maji yaje usawa wa macho. Ukipima mtungi ukiwa umejaa, ongeza kilo mbili, ndio uzito wa hewa utakayoitumia.

Jumamosi ile iliyofutwa ndiyo ya kukausha. Nafunga kifuniko cha regyuleta kabla haijagusa maji ya kuoshea yasiyo na chumvi, naigeuza jaketi kichwa chini na kubonyeza mdomo wa hewa mpaka maji ya ndani yaishe, na suti naining'iniza kivulini. Ndege ndogo za visiwani hupima kila kilo, na suti iliyolowa huongeza uzito.