Uvimbe na Maumivu ya Miguu kwa Paka Mzee

Paka wangu ana miaka 14, na siku hizi harukii dirishani moja kwa moja. Hupanda kitini kwanza, akatulia, ndipo amalizie safari. Wageni husema ni uzee tu, kauli ambayo siikubali, kwa kuwa gegedu (tishu nyororo inayofunika ncha za mifupa) iliyolika kwenye kiwiko, nyonga au goti ni ugonjwa, na unauma. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 ulipitia picha za eksirei za paka 100 waliozidi miaka 12, ukakuta dalili za kuchakaa kwa viungo kwa 90 kati yao. Paka huficha maumivu, hivyo mwenye kumfuga hana budi kutazama mengine: manyoya ya mgongoni yaliyoshikamana kwa kuwa hawezi tena kujigeuza ajilambe, au haja inayoachwa kando ya sanduku la mchanga kwa sababu ukingo wake umekuwa mrefu kwake.

Kucha nazo zisisahaulike. Paka asiyekwaruza tena hazipunguzi, zikawa nene na kujipinda. Nilipobonyeza taratibu kidole cha mguu wa mbele wa paka wangu, ukucha ulichomoza umekunjika kama ndoana, ncha yake ikigusa nyama ya unyayo. Ukiachwa huzama humo, na mguu huvimba kwa usaha.

Uvimbe una sababu nyingine pia. Mguu mmoja wenye joto mara nyingi ni jipu la kung'atwa. Nyayo laini zilizotepeta, hasa zaidi ya mguu mmoja, huweza kutokana na hitilafu ya kinga ya mwili yenyewe. Na vidole vilivyovimba kwa paka mzee huenda vikawa saratani iliyoanzia mapafuni, ndiyo maana daktari wa mifugo anaweza kutaka kupiga picha ya kifua hali wewe umemletea mguu.

Ninalosihi zaidi ni hili: usimpe parasetamoli, hata kipande. Ini la paka haliwezi kuivunja ipasavyo, damu hushindwa kubeba oksijeni, ufizi hugeuka rangi ya kahawia, na uso pamoja na miguu huvimba. Kidonge kimoja chatosha kumuua. Ibuprofeni na diklofenaki humharibu figo na tumbo. Daktari anazo dawa zinazomfaa, kama vile meloksikamu kwa kipimo kidogo baada ya kupima figo, na baadhi ya nchi zina sindano ya mara moja kwa mwezi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022. Nyumbani, mpunguze uzito taratibu akiwa mnene, mwekee beseni la mchanga lenye ukingo mfupi, na umkague kucha kila baada ya wiki chache.