Jinsi nilivyorudisha ekari zangu kwenye daftari la mbolea ya ruzuku

Novemba 2022 nilisimama mbele ya wakala wa mbolea pale Vwawa, wilayani Mbozi, na shilingi 140,000 nimezifunga kwenye pindo la khanga. Wakala akaingiza namba yangu ya simu, akatazama, akaingiza tena. "Mama, humu haumo. Rudi kijijini kwanza."

Mwaka ule ruzuku ilikuwa imerudi. Rais Samia aliizindua sikukuu ya Nane Nane pale Mbeya, na mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, uliokuwa umepita 130,000 ukashuka hadi 70,000, na urea, ya kukuzia, nayo ikawa 70,000. Msimu uliotangulia nilikuwa nimepanda bila mbolea kabisa. Mahindi yalitoka ya njano, ekari mbili nikavuna gunia saba. Niliapa sitarudia.

Mtendaji aliponifungulia daftari nikaona kilichotokea. Shemeji yangu kaandikwa ekari sita. Zake ni nne. Mbili ni zangu, alizoniachia marehemu mume wangu. Waandikishaji walipita nikiwa msibani, wakamuuliza yeye, naye akataja mashamba yote ya ukoo.

Jioni nilimfuata. "Shemeji, zile ekari mbili umezilima lini?"

"Ni za kaka," akasema.

"Na jembe ni la nani?"

Alinyamaza, lakini kesho yake alikuja nami ofisini. Namshukuru kwa hilo, maana bila yeye ningehangaika zaidi. Majirani watatu wa mipakani waliniandikia uthibitisho, mmoja akaweka dole gumba, mwenyekiti wa kitongoji akagonga muhuri. Afisa ugani akaja shambani na kamba akapima. Kama nawe yamekukuta, anza na hao wa mipakani. Karatasi yao ndiyo iliyonisemea kila ofisi niliyoingia.

Niliona nisiishie kwenye ekari zangu tu. Enzi za vocha za mbolea ya ruzuku, kuanzia msimu wa 2008, kamati ya kijiji ndiyo iliyochagua kaya za kupata, na kwetu kaya ilikuwa mume. Safari hii ruzuku ilikuwa ya kila mkulima aliyejiandikisha, ila kalamu iliendelea kumtafuta mwanamume wa nyumba. Basi kwenye mkutano mkuu wa kijiji nikanyoosha mkono, nikaomba majina yasomwe yote pamoja na ekari zake. Kulikuwa na minong'ono. Mwenyekiti akakubali. Usomaji ulichukua mchana mzima, na kabla jua halijazama wanawake kumi na mmoja walikuwa wamesimama kusema hawamo. Wakasimama na vijana wanaokodi mashamba: kumbe ekari wanazolima wao zimeandikwa kwa wenye mashamba wanaoishi mjini, ambao jembe hawalishiki. Hilo lilinichoma kuliko la kwangu. Yetu wanawake yalirekebishwa. Ya wapangaji wengi hayakurekebishwa msimu ule.

Ujumbe wenye namba yangu ya mkulima, ile ya kununulia mbolea ya ruzuku, uliingia wiki ya tatu. Nikafika kwa wakala alfajiri, saa kumi na moja, nikakuta foleni imeshapinda kona. Saa nane mchana nikapakia mfuko mmoja wa DAP na mmoja wa urea kwenye bodaboda. Nauli ya safari zote tatu ilikuwa imeshakula 30,000, na hesabu hiyo haikuwamo kwenye bei ya 70,000 iliyotangazwa.

Mfuko mmoja kwa ekari mbili ni kidogo, kwa hiyo nilipima kwa kisoda, kimoja kila shimo, nikifukia udongo kabla ya kuweka mbegu ili isiungue. Februari mahindi yalikuwa yamenipita kimo, majani ya kijani kizito.

Jirani yangu, mjane kama mimi, alipata namba siku moja na mimi. Hela ya mfuko hakuwa nayo, na mchuuzi mmoja alikuwa ameshamtokea akitaka kuinunua hiyo namba kwa 5,000. Nilimwambia asimpe. Nikamkingia ndoo yake ndogo, nikamjazia urea kutoka kwenye mfuko wangu, na kisoda changu nikamwachia juu yake.